Nani Anayelibonyeza Hamri? Kompyuta, Picha na Jicho Linavyojiunda

Kila baada ya muda picha ile huzuka tena kwenye makundi ya WhatsApp: kitone kidogo ndani ya sahani ya maabara, na chini yake maneno "Wanasayansi wameotesha jicho kwa kompyuta." Papo hapo mabishano huanza barazani, kahawa haijapoa. Mwenye mzazi aliyepofuka kwa presha ya jicho anauliza jicho hilo litafika lini hospitali ya Makadara, Mombasa. Wa pili anasema kompyuta sasa inaumba viungo. Wa tatu anakata shauri kwamba ni picha ya kuchora tu, uongo mtupu.

Kila mmoja ameshika ncha ya habari. Majicho madogo ya sahanini yapo kweli, lakini hayakutengenezwa na kompyuta. Kompyuta nayo inatumika kweli, ila kazi yake ni kusoma picha: kuhesabu seli, kuzifuata zinakokwenda na kupima zinavyobadilika umbo, mpaka ijulikane nguvu inayokunja tishu, yaani seli nyingi zilizoshikana, ikawa jicho inatoka wapi. Swali hilo la nguvu ndilo kiini cha mambo yote, na mtu akilishika vizuri habari nyingine zote za jicho humwia nyepesi.

Kwanza maneno machache. Seli ni kijumba kidogo kabisa cha mwili ulio hai, na ndani yake mna kiini, kijitufe kinachobeba urithi. Katika jicho changa kiini kina upana wa maikroni 6 hivi, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele mmoja wa kichwani una kama maikroni 70. Kiinitete ni kiumbe katika siku zake za mwanzo. Retina ni ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, unene wake kama robo ya milimita. Na modeli, katika makala haya, si sanamu wala mwanamitindo. Ni hesabu inayosema: kama seli zinavutana hivi na kusukumana vile, tishu itachukua umbo gani?

Sasa chukua hamri lililofura vizuri, tupu ndani, likiwa bado na moto. Libonyeze upande mmoja kwa kidole gumba, taratibu, usilipasue. Ngozi ya upande huo itaingia ndani hadi ikaribie kugusana na ya upande wa pili. Ulichoshika sasa ni kibakuli chenye kuta mbili.

Jicho la binadamu huanza namna hiyo hiyo. Karibu wiki ya 4 tangu mimba kutunga, ubongo mchanga hutoa vifuko viwili vitupu, kimoja kila upande, kila kimoja kikiwa kwenye kikonyo chake. Wiki ya 5 kila kifuko huwa kibakuli. Ukuta wa ndani ndio utakaokuwa retina. Ukuta wa nje huwa tabaka jembamba jeusi linalokaa nyuma ya retina, likiilisha na kunywa mwanga uliozidi. Lenzi haitoki kwenye hamri. Inatokana na ngozi ya juu, na inakaa kwenye mdomo wa kibakuli. Kikonyo ndimo zitakamopita nyuzi za neva zipatazo milioni moja kuelekea ubongoni.

Kwa kuwa lenzi huonekana ikijikusanya pale pale kibakuli kinapobonyea, ni rahisi kudhani kwamba ndiyo kidole gumba. Mwaka 2011 kundi la watafiti lililoongozwa na Yoshiki Sasai huko Kobe, Japani, lilitangaza jambo lililotikisa dhana hiyo. Walichukua seli shina za panya, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingi, karibu 3,000 katika kila kishimo cha sahani, wakazilisha na kuziacha. Kufikia kama siku ya kumi, vifuko vilichomoza na kujikunja kuwa vibakuli vya kuta mbili. Lenzi haikuwamo. Kidole hakikuwapo, na hamri likabonyea lenyewe.

Basi nguvu imo ndani ya seli zenyewe. Lakini ni seli zipi, na zinafanya nini? Kwa macho tu hutaweza kujibu, kwa sababu seli ni maelfu, zimebanana, na zote zinasogea kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kompyuta inapoitwa.

Picha zinavyopatikana

Hakuna anayempiga mtoto wa binadamu picha za aina hii tumboni. Zinatumika seli za sahanini, panya, vifaranga ndani ya mayai, na zaidi ya wote samaki mdogo mwenye milia kama pundamilia. Waliotamiza mayai ya kuku wa kienyeji wanalijua jambo hili bila hadubini: ukilimulika yai kwa tochi siku ya 5, kile kidoa cheusi unachokiona kikichezacheza ni jicho. Faida ya samaki ni kwamba kiinitete chake hukua nje ya mama, mwili wake unapitisha mwanga, na katika nyuzijoto 28.5 kibakuli cha jicho huwa tayari ndani ya saa 24 tu.

Samaki hupewa alama zinazong'aa, moja kwenye viini na nyingine kwenye kuta za seli. Halafu hulazwa ndani ya jeli inayotokana na mwani, uzito wake kama asilimia 1. Ikiwa nyepesi mno samaki atayumba na picha zitachafuka. Ikiwa nzito mno itambana asikue, na mtafiti atakuwa anapima jela yake mwenyewe. Hutiwa pia dawa ya ganzi, kwani misuli ya samaki huanza kushtuka siku hiyo hiyo ya kwanza, na dawa nyingine ya kuzuia rangi nyeusi isilifunike jicho kabla kazi haijaisha.

Hadubini hupitisha karatasi nyembamba ya mwanga ubavuni na kupiga picha tabaka kwa tabaka, tuseme matabaka 100 yanayopishana kwa maikroni 1. Kila tabaka likiwa na vitone vya picha (pikseli) 1,024 kwa 1,024, na kila kitone kikichukua baiti mbili, tabaka moja ni kama megabaiti 2 na rundo zima ni 200. Rudia kila baada ya dakika 5 kwa saa 12: marundo 144, karibu gigabaiti 30. Hiyo ni rangi moja tu na samaki mmoja. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kufanywa kwa kukodoa macho.

Mambo mawili huharibika hapa kuliko mengine yote. La kwanza ni mwanga wenyewe. Mwanga mkali hufifisha alama na hatimaye huua seli, na seli zinazokufa hujikunyata. Mtu asiye mwangalifu ataandika kwamba tishu inajikaza, kumbe anaichoma.

La pili ni vipimo, na hili linastahili kukaliwa kidogo maana limeharibu kazi za wengi. Hadubini huona vizuri kwa ubavu kuliko kwa kina, kwa hiyo kiini cha mviringo huonekana kimerefuka kama kokwa ya tende. Wakati huo huo vitone vya ubavuni huwa vidogo kuliko umbali wa matabaka. Tuseme kitone kina maikroni 0.3 na tabaka maikroni 1. Kiini cha maikroni 6 kitachukua vitone 20 kwa upana lakini matabaka 6 tu kwa kina. Ukisahau kuiambia programu tofauti hiyo, itadhani kiini ni bapa kama chapati. Makosa haya mawili yanavuta pande tofauti, na hayafutani. Pembe zote zitakuwa si sahihi, na mkunjo wa kibakuli utakuwa wa uongo, nao mkunjo ndio tuliokuja kuupima.

Rangi nazo huwachanganya watu. Zile buluu, kijani na zambarau za kupendeza sizo rangi za jicho. Kamera ya hadubini huhesabu tu mwanga uliofika, mwingi au mchache. Rangi huwekwa baadaye na mtu ili kutofautisha alama. Hilo si udanganyifu, mradi imeelezwa. Udanganyifu ni kuongeza au kufuta kitu. Na picha ya kupimwa haipitishwi WhatsApp: huko inabanwa, vitone vinasuguliwa, na kingo za seli zinapotea. Huhifadhiwa kwa muundo wa TIFF, usiotupa chochote.

Kuhesabu bila kujidanganya

Kuna seli ngapi kwenye picha? Njia ya zamani kabisa ni kizingiti: chagua kiwango cha mwanga, kilichozidi kiitwe kiini na kilichopungua kiitwe giza. Mwaka 1979 Nobuyuki Otsu wa Japani aliandika kanuni ya kumchagulia mtu kizingiti hicho kwa kuangalia mtawanyiko wa mwanga katika picha, na hadi leo imo karibu katika kila programu ya picha. Shida ni kwamba viini vinavyogusana huhesabiwa kimoja.

Hapo hutumika mbinu ya mafuriko. Fikiria mvua za masika na barabara yenye mashimo. Maji hupanda katika kila shimo peke yake, na yale ya shimo hili yanapokaribia kukutana na ya shimo lile, mtu anajenga ukuta mwembamba katikati. Kompyuta hufanya hivyo juu ya picha: katikati ya kila kiini ni shimo, na kuta ndiyo mipaka. Picha ikiwa na chenga, kila chenga huwa kishimo na kiini kimoja hukatwa vipande vitano. Kwa hiyo picha hulainishwa kwanza kidogo, kitone kimoja au viwili. Ukilainisha zaidi, majirani wanayeyukiana.

Tangu mwaka 2015, ilipotoka U-Net kutoka Freiburg, Ujerumani, mtandao wa hesabu unaojifunza kuchora mipaka ya vitu kwenye picha, kazi kubwa imehamia kwa akili unde (AI), na programu kama Cellpose na StarDist zinapatikana bure. Mtu huchora mipaka ya seli kwa mkono kwenye picha kadhaa, na mtandao hujifunza kutokana na michoro hiyo. Ni hatua kubwa kweli. Lakini wanaosema akili unde haikosei wanafaa kujua kwamba mtandao uliofundishwa kwa viini vya mviringo vya samaki ukipewa retina ya panya, ambako viini vimerefuka na kubanana kama dagaa ndani ya kikapu, utatoa mipaka mizuri ya kuvutia isiyo ya kweli. Dawa yake ni moja: chagua visanduku vitano vya picha bila kuvipendelea, chora kwa mkono, kisha linganisha. Eneo ambalo mchoro wako na wa mashine umelichukua kwa pamoja, ligawanye kwa eneo lote lililofunikwa na yeyote kati yenu. Ikitoka 1 mmepatana kabisa. Chini ya 0.5 kwa kawaida seli hiyo huhesabiwa kuwa imekosewa.

Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kujaribu haya kwa Fiji, programu ya bure. Awekewe tu angalizo moja ikiwa picha zake ni za vipande vilivyokatwa kwa wembe badala ya samaki mzima. Keki ya zabibu ukiikata, zabibu iliyopitiwa na kisu huonekana kwenye vipande viwili. Viini navyo ni hivyo hivyo. Mwanabiolojia Mwingereza Michael Abercrombie alitoa masahihisho mwaka 1946: zidisha idadi uliyohesabu kwa unene wa kipande, kisha gawanya kwa unene huo ukijumlishwa na kipenyo cha kiini. Kipande cha maikroni 10 na kiini cha maikroni 6 hutoa 10 kwa 16. Aliyehesabu 800 ana 500 tu.

Kufuata seli: somo la feri

Kuhesabu ni nusu ya safari. Ili kujua nani anabonyeza, lazima ujue kila seli ilitoka wapi ikaenda wapi.

Simama juu Likoni abiria wakishuka feri jioni, uwapige picha. Ukipiga kila sekunde moja, kumfuata mtu ni rahisi: aliye karibu zaidi na pale alipokuwa ndiye yeye. Ukipiga kila baada ya dakika moja, aliye karibu na pale alipokuwa ni mtu mwingine kabisa. Na seli, tofauti na abiria, zote zimevaa sare. Kanuni ya kazi ni kwamba kati ya picha mbili seli isisogee zaidi ya nusu ya umbali wa jirani yake. Kupiga haraka zaidi kunataka mwanga zaidi, nao mwanga unaua. Kila maabara inaishi kati ya mashaka hayo mawili.

Halafu kuna hesabu ambayo huwashangaza hata wenye shahada. Tuseme programu inaunganisha seli ya picha hii na ya picha inayofuata kwa usahihi wa asilimia 99. Inasikika vizuri. Lakini katika safari ya hatua 144, nafasi ya seli moja kufuatwa hadi mwisho bila kosa hata moja ni 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 144: kama 0.24. Njia zilizo sahihi mwanzo hadi mwisho hazifiki robo. Ukipanda hadi asilimia 99.9, zinakuwa kama 87 katika kila mia. Sehemu ile ndogo ya mwisho, ambayo huenda ikaonekana ni anasa, ndiyo inayotenganisha kazi ya kuaminika na ya kubahatisha. Watu bado hukaa na kusahihisha njia hizo kwa mkono, seli kwa seli, na naona kazi hiyo haisifiwi inavyostahili.

Kosa la kuhesabu lililotajwa juu hurudi hapa na sura nyingine. Viini viwili vilivyogandana picha hii vikatengana picha ijayo, programu huandika: seli imezaa. Na kuzaana kwa seli ni mmoja wa watuhumiwa wetu wa kubonyeza. Ukikosea kuhesabu, unamtia hatiani asiyekuwapo.

Watuhumiwa watatu

Wa kwanza ni kamba ya bukta. Ndani ya seli, kwenye ncha yake moja, mna nyuzi zinazoweza kukazwa. Zikikazwa ncha hiyo hufinyika na seli huwa kabari, na kabari nyingi zikipangwa ubavu kwa ubavu hutoa tao. Wa pili ni msongamano: ukuta unazaa seli nyingi huku kingo zimeshikwa, hauna pa kutanukia, unapinda. Wa tatu ni uhamiaji: seli za ukingoni zinatambaa zenyewe kutoka ukuta wa nje, zinazunguka mdomo wa kibakuli na kuingia ndani.

Katika modeli kila seli huandikwa kama kifuko cha maji kisichopungua ujazo, kilichogandishwa kwa majirani, chenye kamba za kukaza au kulegeza. Unawasha mtuhumiwa mmoja, unamzima mwingine, unaangalia umbo. Hapa ndipo dhana kubwa zaidi inapowapotosha hata waandishi wa habari: modeli ikitoa umbo linalofanana na picha, wanasema siri imefichuka. Sivyo. Watuhumiwa wote watatu wanaweza kutoa kibakuli. Kufanana ni mwanzo wa kesi. Modeli nzuri lazima itabiri kitu ambacho haikuonyeshwa: kwamba ukikata hapa kwa leza kingo zitarukana, kwa kuwa kamba ilikuwa imekazwa, au ukitia dawa ya kulegeza nyuzi mkunjo utakwama hatua fulani. Kisha unakwenda kukata na kutia dawa kweli.

Katika vibakuli vya Kobe picha ilitoka hivi: ukuta wa retina ulilegea, tabaka la nje likabaki gumu, seli za mpakani zikawa kabari kama bawaba ya mlango, kisha retina ikatanuka kwa kuzaana na, kwa kuwa bawaba imeielekeza, ikaingia ndani. Kwa samaki mwenye milia mambo ni mengine. Kifuko chake ni bapa, na kazi kubwa hufanywa na seli za ukingoni zinazotambaa kuingia, zikisaidiwa na seli za retina zinazosinyaa kwenye ncha zao za chini. Hamri ni moja, lakini kila mnyama ana namna yake ya kulibonyeza, na mtu akikwambia jibu ni moja kwa wote hajasoma picha za kutosha.

Je, mgonjwa atapata jicho?

Kwa mwenye mzazi mwenye presha ya jicho jibu ni zito, na ni haki yake alipate bila kuzungushwa. Kibakuli cha sahanini kina ukubwa wa milimita chache, hakina mishipa ya damu, na kikitengenezwa kwa seli za binadamu huchukua zaidi ya miezi sita kukomaza seli za kupokea mwanga. Presha ya jicho huua zile nyuzi milioni za neva zinazofika ubongoni, na bado hakuna njia ya kuziotesha upya na kuziunganisha kwa mgonjwa. Kinachookoa macho leo ni kupimwa mapema na kutia matone kila siku bila kuruka, hata kama hakuna maumivu.

Kilichokwisha kufanyika ni kiraka. Mwaka 2014, huko huko Kobe, kundi la daktari wa macho Masayo Takahashi lilimpandikizia mgonjwa kipande cha lile tabaka jeusi la nyuma, kilichooteshwa kutokana na seli zake mwenyewe. Kiraka si jicho, lakini ni hatua ya kweli. Na ile kamera ya kliniki inayosoma jicho la mwenye sukari kwa akili unde, ambayo aina yake ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, ni kazi nyingine tena: inatafuta ugonjwa kwenye jicho lililokwisha kukomaa.

Faida ya karibu ya kuelewa mkunjo iko kwa watoto. Kibakuli cha jicho, kinapojikunja, huacha ufa upande wa chini ambamo mishipa ya damu huingia. Kufikia wiki ya 7 midomo ya ufa hukutana na kuungana. Usipofunga, mtoto huzaliwa na pengo, na mara nyingine mboni yake huwa na umbo la tundu la ufunguo lililoelekea chini. Mama hulaumiwa kwa alichokila au alichokitazama, ilhali wiki hizo wapo ambao hata hawajajua kama wana mimba. Mtoto akishazaliwa, pengo ni pengo. Halisemi lilitokana na nini. Katika picha za saa kwa saa za samaki sababu mbili hutengana: kuna vibakuli vilivyokua vidogo, midomo ya ufa isigusane kamwe, na kuna ambavyo midomo ilifika, ikagusana, lakini utando mwembamba unaoifunika haukuyeyuka, ikabaki imelaliana bila kushikana. Kwa aina ya kwanza kinachopimwa ni umbali kati ya midomo. Kwa ya pili ni muda ambao utando umebaki baada ya kugusana.